Kupanga kidhibiti cha vitufe kwa matangazo mubashara: anza na maiki

Ninarusha mijadala na mafunzo mubashara nikiwa peke yangu mezani: kamera mbili, maiki tatu, kompyuta ya mtoa mada yenye slaidi zake, na gumzo la watazamaji likipita pembeni mwa skrini. Hakuna fundi sauti wala mtu wa kubadilisha kamera. Kidhibiti cha vitufe, yaani ubao mdogo unaoiamuru kompyuta kwa bonyezo moja, ndicho kinachoniwezesha kuifanya kazi hiyo huku macho yangu yakibaki kwa wanaozungumza, na ndiyo maana namna ya kukipanga nailinda sana.

Wengi wakishakipata hukimbilia kukijaza. Kitufe cha makofi, cha taa, cha kufungua tovuti, mpaka kila nafasi ina picha yake. Naomba uanzie upande mwingine. Jiulize: ni jambo gani likichelewa kwa sekunde mbili litamuumiza mtu? Hilo lipewe kitufe cha kwanza. Palipo na watu wanaozungumza, jibu ni maiki. Mtu anapokea simu ya nyumbani, au anamnong'oneza mwenzake jambo la siri akidhani hasikiki. Picha ikiyumba watazamaji watasahau kabla ya kipindi kwisha. Neno lililokwisha kwenda hewani halina wa kulirudisha.

Kifaa

Mfano wangu ni Stream Deck ya Elgato yenye vitufe 15, safu tatu za vitufe vitano vitano, kila kimoja kikiwa na kipande chake cha skrini kinachoonyesha picha unayoitaka. Ipo Mini ya vitufe 6, Neo ya 8, XL ya 32, na Stream Deck + yenye vitufe 8 na swichi 4 za kuzungusha. Kwa mtu mmoja, 15 vinatosha na kubaki. Upande wa kompyuta natumia OBS Studio, programu ya bure ya kurekodi na kurusha matangazo, na yote nitakayoyasema yanaihusu hiyo.

Usipokuwa na kifaa cha namna hiyo usikate tamaa. Touch Portal hugeuza simu au tableti kuwa ubao wa vitufe, na Bitfocus Companion, ambayo ni ya bure, huonyesha vitufe vyake ndani ya kivinjari chochote kilicho kwenye mtandao uleule. Simu ina kasoro moja kubwa: kioo hakina ukingo ambao kidole kinaweza kuuhisi, kwa hiyo lazima utazame kila unapogusa. Ukiitumia, ichomeke kwenye chaji, zuia skrini isijizime, na ufunge arifa zote.

Hata kibodi ndogo ya vitufe vinavyopangika inafaa. Siri yake ni vitufe vya F13 mpaka F24. Kibodi za kawaida hazinavyo, lakini Windows inavitambua, kwa hiyo ukivipa kazi ndani ya OBS ni nadra vigongane na mkato (shortcut) wa programu nyingine.

Chomeka kifaa moja kwa moja kwenye tundu la kompyuta. Usikipitishe kwenye kigawio cha USB ambacho tayari kimebeba kamera na diski. Kwenye Windows, ingia mipangilio ya umeme uzime kile kipengele cha kukatia umeme matundu ya USB yasiyo na shughuli. Kidhibiti ambacho hakijaguswa kwa muda mrefu hakitakiwi kulala wakati mgeni bado anaongea.

Ndani ya OBS, kabla ya kugusa kitufe

Yape maonyesho yako (scenes, yaani mipangilio ya picha na sauti unayobadilishana hewani) majina ya mwisho kabla ya kuyaunganisha na vitufe, maana kubadilisha jina baadaye kunaweza kukata uhusiano kimyakimya. Yangu ni mafupi ili yasomeke kwenye kitufe: Subiri, Wote, Mgeni, Slaidi, Mwisho. Maiki naziita kwa kiti, si kwa mtu: Kushoto, Kati, Kulia. Wageni hubadilika kila kipindi, viti havihami.

Sasa jambo ambalo kitufe bora kuliko vyote hakiwezi kulitibu. Ukiingia kila onyesho ukaongeza maiki ileile kama chanzo (source) kipya, OBS itavihesabu kuwa vyanzo tofauti, kila kimoja na hali yake. Utazima maiki ya Kushoto ukiwa kwenye Wote, uende Mgeni, na sauti itoke tena. Kwa hiyo iongeze maiki mara moja tu. Kwenye maonyesho mengine chagua kutumia chanzo ambacho tayari kipo, au ziweke maiki zote kwenye mipangilio ya sauti ya OBS ili zisikike kila mahali na kuzimwa kila mahali. Kisha angalia kichanganya sauti kilicho chini ya dirisha. Kamera iliyounganishwa kwa HDMI mara nyingi huja na sauti yake, na kamera ya wavuti ina maiki yake ndogo. Zima sauti hizo kabisa, maana maiki zote tatu zinaweza kuwa kimya huku kamera ikiendelea kusikia chumba kizima.

Kuunganisha ni kazi fupi. Kwa Stream Deck, fungua programu yake, nenda kwenye duka lililomo humo, sakinisha programu-jalizi ya OBS Studio, kisha ifunge OBS na kuifungua upya. Companion na Touch Portal huzungumza na OBS kupitia WebSocket, njia ya programu kuwasiliana kupitia mtandao, ambayo tangu toleo la 28 la mwaka 2022 imo ndani ya OBS yenyewe. Utaikuta kwenye menyu ya Tools. Iwashe, acha poti ya 4455 ilivyo, na weka nenosiri. Usiliondoe nenosiri hilo kwa kuona ni usumbufu. Yeyote aliye kwenye mtandao wenu angeweza kukubadilishia onyesho au kukukatia matangazo.

Kitufe cha maiki

Kitufe changu cha maiki kiko pembe ya chini kushoto. Mkono wa kulia uko kwenye kipanya, wa kushoto umelala kando ya kidhibiti, na pembe hupatikana bila kutazama kwa sababu kidole kinahisi kingo mbili kwa pamoja. Juu ya kitufe hicho, kwenye ukingo wake wa chini, nimebandika nukta ndogo ya mpira inayopitisha mwanga, kama ule mwinuko ulio kwenye herufi F na J za kibodi. Kidole gumba kikiigusa najua nimefika, na picha bado inaonekana.

Picha nazo zina kanuni moja nisiyoivunja: kitufe kiseme hali ilivyo sasa, kisiseme kitakachotokea ukikibonyeza. Mchoro wa maiki iliyokatwa mstari una utata. Je, maiki imezimwa, au nibonyeze hapa ili kuizima? Ukiwa umetulia utakumbuka. Mgeni akianza kukohoa ghafla hutakumbuka. Kwa hiyo nimeandika maneno makubwa. Maiki ikiwa wazi, kitufe ni kijani iliyokoza na neno HEWANI liko juu. Ikizimwa, kitufe chote kinakuwa chekundu na neno KIMYA linakaa chini. Nimetofautisha rangi, neno na mahali pa neno, kwa sababu wapo wasioweza kutenganisha nyekundu na kijani, na taa za ukumbini huzibadili rangi hata kwa mwenye macho mazima. Chora picha hizo kwa ukubwa wa pikseli 144 kwa 144, uzihifadhi kama PNG, kisha kwenye programu ya kidhibiti weka moja kwa kila hali.

Kitufe pia lazima kipate habari zake kutoka OBS. Ukitumia tendo la programu-jalizi la kuzima chanzo cha sauti, OBS ndiyo inayokiambia kitufe kionyeshe nini. Ukitumia kitufe kinachotuma F13 tu, chenyewe hakijui lolote. Hubadilisha picha kwa kufuata mabonyezo yako. Izime maiki kwa kipanya mara moja tu, na kuanzia hapo kitufe kitakuwa kinakudanganya mpaka mwisho wa kipindi. Wenye kibodi ndogo wana njia ya kukwepa hatari hii. Kwenye ukurasa wa vitufe vya mkato, OBS hutenganisha kuzima na kuwasha kwa kila chanzo cha sauti. Ipe F13 kazi ya kuzima na F14 kazi ya kuwasha. Hata ukibonyeza F13 mara tano mfululizo, maiki itabaki kimya.

Baada ya kupanga, fanya majaribio mawili. Kwanza, zima na uwashe maiki kwa kipanya ndani ya OBS huku ukikitazama kitufe; kisipobadilika, usikiamini. Pili, anza kurekodi bila kurusha, ongea mfululizo huku ukihesabu kwa sauti, bonyeza kitufe, hama onyesho moja hadi jingine, rudi. Sikiliza rekodi kwa vipokea sauti vya masikioni. Namba zilizokosekana ziwe zilezile ulizozitamka kitufe kikiwa chekundu.

Subiri, na vitufe vingine

Pembe ya chini kulia nimeipa kitufe cha dharura. Kikibonyezwa kinafanya mambo kwa mpigo: kinazima maiki zote tatu kisha kinaleta onyesho la Subiri, lenye picha tulivu na maneno ya kuwaambia watazamaji kwamba tutarejea. Kwenye Stream Deck hiyo huitwa Multi Action, unayoijenga kwa kuburuta tendo baada ya tendo.

Hapa kuwa makini kuliko popote. Matendo mengi kwa kawaida hugeuza: kilichowaka kinazimwa, kilichozimwa kinawashwa. Kama maiki ya Kati ilikuwa kimya na mpigo wako umeandikwa "geuza", kitufe cha dharura kitaifungua maiki ileile uliyokuwa umeifunga. Ndani ya mpigo, ingia kila tendo la maiki uchague hali kamili ya kuzima. Tena usijenge kitufe kimoja cha kurejesha kila kitu. Mimi hurudi kwa mkono, maiki moja baada ya nyingine, nikishamtazama mwenye kiti usoni nikaona yuko tayari.

Maonyesho yamekaa safu ya kati, kwa mpangilio wa kipindi kuanzia kushoto. Kurudisha tukio lililopita (replay), ukikutaka, kunahitaji uwashe kwanza hifadhi ya marudio (Replay Buffer) kwenye mipangilio ya OBS na kuianzisha kabla ya tukio. Bila hivyo kitufe cha kuhifadhi hakitakuwa na cha kuhifadhi. Kuanzisha na kusitisha matangazo nimeviweka ndani ya folda, mbali na vidole. Nafasi zilizobaki ni tupu, na naziacha tupu makusudi, maana kitufe kisicho na kazi ni ukingo mwingine wa kidole kujipimia.

Kipengele kimoja nimekizima: kile kinachobadilisha vitufe vyote kulingana na programu iliyo mbele ya skrini. Kwenye kazi nyingine kinasaidia. Kwenye matangazo, ukifungua kivinjari kusoma swali la mtazamaji, ubao mzima unabadilika chini ya mkono wako na pembe ya maiki inakuwa kitu kingine.

Kitufe kikikataa

Kwenye Windows, kama OBS imefunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi na programu ya kidhibiti haikufunguliwa hivyo, mabonyezo ya kibodi yanayotumwa hayatafika. Zifungue zote mbili kwa namna moja. Kwenye macOS, nenda kwenye mipangilio ya faragha uipe programu ya kidhibiti ruhusa ya ufikivu. Kama mkato unafanya kazi pale tu OBS iko mbele, mipangilio yake ya juu (Advanced) ina sehemu ya kuamua ni lini mikato isikilizwe. Chagua isizimwe kamwe.

Tena, usikague vitufe kwa kutazama matangazo kwenye simu. Picha huwafikia watazamaji baada ya sekunde kadhaa, utadhani hukubonyeza, utabonyeza tena, na maiki uliyoizima itafunguka. Tazama dirisha la OBS.

Mazoezi nayafanya na mtu anayenisomea amri bila utaratibu: "Mgeni! Kimya! Slaidi! Subiri!" Mimi namtazama yeye usoni, mkono peke yake ndio unaofanya kazi. Kitufe ambacho mkono hukikosa mara kwa mara nakihamisha, sibishani nacho.

Ukiridhika, toa nakala. Programu ya Stream Deck huhamisha profaili yako kama faili moja, na OBS huhamisha mkusanyiko wa maonyesho kama faili ya JSON. Ziweke pamoja kwenye folda moja na zile picha za PNG, na jina la folda liwe na tarehe. Ukizifungua kwenye kompyuta nyingine, maonyesho yatarudi na majina yake, lakini maiki na kamera huenda zisitambuliwe. Ingia kila chanzo, chagua kifaa chake upya, kisha rudia jaribio la kuhesabu kwa sauti kabla ya kumkaribisha mgeni kitini.