SOMO: Kitambaa cha huang bai na ma chi xian kwa ukurutu unaotoa maji

Swali la jinsi ya kuchemsha na kubandika dawa hii ya mitishamba ya Kichina linarudi kila wiki, kwa hiyo nimeandika yote hapa. Ni kwa ukurutu (pumu ya ngozi) mwekundu unaotoa majimaji. Mkavu uliopasuka usiuguse kwa dawa hii.

1. Huang bai (gome la njano) gramu 30, ma chi xian kavu (gugu la shambani) gramu 30. Suuza.
2. Loweka nusu saa kwenye lita 1.5 ya maji, kisha chemsha kwa moto mdogo dakika 20 hadi 30.
3. Chuja mara mbili. Chembe za gome hukwaruza.
4. Poza kabisa, kisha bandika. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Dawa ya moto inatanua mishipa, muwasho na majimaji vinazidi. Kunja shashi safi tabaka 5 au 6, chovya, kamua mpaka isidondoke, ilaze ishike ngozi yote. Ichovye upya kila dakika 5, kwa sababu kinachotuliza ni ule ubaridi wa maji yanapokauka. Ukiiacha ikauke itagandana na kidonda, ukiibandua inaondoka na ngozi. USIFUNIKE KWA NAILONI: joto linabaki ndani, ngozi inalowa na kuoza. Dakika 20, mara 2 au 3 kwa siku. Usifunike zaidi ya theluthi ya mwili kwa mara moja, mgonjwa atapata baridi.
5. Majimaji yakikoma, acha. Hamia vaselini.

Iliyobaki iweke friji, baada ya saa 24 mwaga. Kukiwa na homa, usaha, au malengelenge madogo yaliyojikusanya na kuuma: hospitali, leo hii.

Baraka_T: Naweza kunywa?
— Hapana. Nimeandika "bandika".

Mama Zuu: Mtoto wa wiki tatu je?
— Hapana, dada. Mpeleke kliniki.

kijana_wa_pwani: Mi natumia krimu ya Kichina, siku tatu tu ngozi safi. Haya yote ya nini?
— Kasi hiyo ndiyo ya kutilia shaka. London, mwaka 1999, krimu 11 za "mitishamba" ya Kichina zilipimwa. 8 zilikuwa na deksamethasoni, steroidi ambayo haikuandikwa popote. Unampaka nani, na usoni?

kijana_wa_pwani: Mtoto. Usoni.
— Basi kaipeleke kwa daktari wa ngozi na kopo lake. Usiikatishe ghafla bila yeye.

Mwanafunzi: Kwa nini wanakataza sufuria ya chuma?
— Swali zuri. Tanini za mitishamba hushikana na chuma, dawa inakuwa nyeusi na kupoteza nguvu. Chungu au stili. Huang bai nayo ina beberini, itatia shashi na shuka rangi ya njano isiyotoka. Tandika taulo kuukuu.

Mwanafunzi: Na ma chi xian mbichi?
— Inafaa. Ni Portulaca oleracea, lile gugu la shina jekundu na vijani vinono linalotambaa shambani. Tumia gramu 100 hivi, mbali na mashamba yaliyopigwa dawa.

Neema: Nimeuziwa xiao feng san, ule mchanganyiko wa mitishamba ya Kichina, ya kuchemsha ninywe. Ni salama?
— Ndani yake huwa na mti uitwao mu tong, na jina hilo hubeba mimea tofauti. Uliza iliyomo ni ipi. Ile ya guan mu tong ina asidi ya aristolokiki, inaua figo na kuleta saratani; China iliiondoa kwenye orodha ya dawa 2003. Muuzaji asipojua, usinywe.

Baraka_T: Kwa hiyo nikinywa kidogo tu?
— Hapana.