Je, tagi hii inaliweza tishari hili? Namna ya kupima zana za kuvutia kabla ya kutoka bandari ya Malindi, Unguja

Tagi ni meli ya kuvuta; tishari ni chombo bapa cha mizigo kisicho na injini. Mwenye mzigo atakwambia: "Nahodha, tagi ina hosipawa elfu mbili na nusu, wasiwasi wa nini?" Mwache aseme. Hosipawa (nguvu za farasi) ni ya injini. Tishari linavutwa na winchi, waya, shakeli, hatamu za minyororo na chuma cha sitaha yake lenyewe, na kimoja kikiwa dhaifu, vingine vyote havina faida.

Tuchukue mfano: tishari la mita 60 kwa 18, limejaa kokoto na nondo, limezama mita 3, linatoka Malindi kwenda Mkoani, Pemba.

Hatua ya 1: Tafuta tani zinazotakiwa

Zidisha upana kwa kina kilichozama: 18 × 3 ni mita za mraba 54. Zidisha kwa kasi, kisha kwa kasi tena (kwa noti, yaani maili za bahari kwa saa), halafu kwa 0.0083. Kwa noti 4 utapata kama tani 7, noti 5 tani 11, noti 6 tani 16. Ni makadirio ya tishari lenye omo (sehemu ya mbele) iliyokatwa mshazari na tumbo safi. Omo ikiwa bapa, au tumbo limeota chaza, ongeza.

Kasi hiyo ni ya ndani ya maji, si ya GPS. Mkondo wa pwani yetu huenda kaskazini mwaka mzima, na kusi likivuma huzidi nguvu. Ukienda Pemba unakusukuma, ukirudi unakukaba: mkondo wa noti 2 usoni ukitaka kusogea noti 4, tishari linakata maji kwa noti 6. Kwa hiyo piga hesabu mbili, ya kwenda na ya kurudi.

Upepo wa noti 30 kwenye uso wa mita 18 kwa 4 huongeza tani moja hivi. Mawimbi ndiyo mabaya zaidi. Ukishaipita Tumbatu na kuiacha Ras Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, kinga imekwisha, na mimi huongeza theluthi nzima au zaidi. Kwa noti 5 mfano wetu unafika tani 16 hadi 18; tushike 18.

Hatua ya 2: Linganisha na mvuto wa tagi

Dai cheti cha mvuto wa bolardi, yaani tani ambazo tagi ilivuta ikiwa imefungwa gatini na injini wazi kabisa. Kama hakuna, kadiria tani 1 kwa kila hosipawa 100, na usikubali kupandishiwa. Baharini tagi haitoi zote. Hesabu robo tatu. Tani 18 kugawa kwa 0.75 ni 24. Tagi ya tani 25 inaliweza tishari letu, lakini kwa akiba ndogo, na siku ya kaskazi kali ningengoja.

Hatua ya 3: Waya

Hapa usiwe na haraka. Kwa maji yaliyotulia, waya ukatike kwa nguvu isiyopungua mara mbili ya mvuto wa tagi. Kwa tagi ndogo inayotoka bahari wazi, mara tatu. Tani 25 × 3 ni 75. Waya mpya wa milimita 36, wenye moyo wa chuma na daraja la nguvu la 1770, hukatika kwenye tani 83 hivi. Wa milimita 32 hukatika kwenye 65. Kwa hiyo ni 36.

Ila hiyo ni ya waya mpya. Mwambie sarahangi (mkuu wa mabaharia wa sitaha) aufungue taratibu huku wewe umeshika kitambaa, si mkono mtupu. Kitambaa kikinasa, simama, hesabu nyuzi zilizokatika kwenye urefu wa sentimita 36 (kipenyo mara kumi). Waya wa 6×36 (misuko sita, kila mmoja nyuzi 36) una nyuzi 216. Zikifika 11 hapo, mimi huukataa. Kisha pima unene kwa kalipa, kutoka mgongo wa msuko hadi mgongo wa msuko wa upande wa pili. Ukisoma chini ya 32.4, umekwisha. Ukiona vumbi jekundu linatoka katikati ya nyuzi, kutu imeshaingia ndani hata kama juu umepakwa grisi nzuri. Grisi mpya juu ya waya wa zamani hunitia shaka kuliko kutu yenyewe.

Mwisho wa waya uwe na soketi iliyomiminwa (kikombe cha chuma kinachoshika ncha ya waya) au jicho lililobanwa kiwandani. Klipu za U kwenye waya mkuu, hapana.

Hatua ya 4: Hatamu na tishari lenyewe

Hatamu ni miguu miwili ya mnyororo; isiwe mifupi kuliko nafasi kati ya braketi zake (vyuma vya sitaha inapofungwa). Braketi zikiachana mita 14, kila mguu mita 14 au zaidi, na kila mmoja utabeba asilimia 58 tu ya mvuto. Ukiifupisha hadi pembe ifike nyuzi 120, kila mguu unabeba mvuto wote.

Fungua tundu la sitaha ushuke na tochi. Braketi iliyochomelewa juu ya bamba tupu, bila mbavu chini yake, itang'oka na kipande cha sitaha. Shakeli zote ziwe na pini ya nati na kipini cha usalama.

Hatua ya 5: Urefu na kina

Waya wa 36 ukiachiwa mita 300, kwa mvuto wa tani 10 hulegea kama mita 5 katikati. Punguza mwendo hadi tani 3, unashuka mita 17. Kwenye maji ya ndani, karibu na mafungu ya Malindi, huo tayari unasugua matumbawe. Fupisha kabla ya kupunguza mwendo, si baada.

Hatua ya 6: Kuachia

Tishari tupu hupeperuka huku na huku. Likikupita na waya ukakaa ubavuni, tagi inapinduka kabla hujamwita mtu. Jaribu kifaa cha kuachia waya kutoka chumba cha usukani, kisha zima umeme ujaribu tena. Hakikisha pia tishari lina waya wa pili wa dharura, wenye kamba inayoelea na boya nyuma ya tezi.

Mwisho, vuta nje ya bandari kwa saa moja, ukiongeza nguvu kidogo kidogo huku mtu akiangalia ngoma ya winchi kwa mbali. Breki ikiteleza au kutoa moshi, geuza urudi Malindi. Ukishafika Nungwi hutapata wa kukushikia tishari wakati fundi anabadilisha mikanda.