Nyanya, karoti na plamu: ninavyopanga msimu wa vuli huku Soni

Kwa sisi wa milima ya Usambara, msimu wa vuli hauanzi mvua inapodondoka Oktoba. Unaanza Agosti, kipupwe bado kinauma, mama mkwe bado anaota moto jikoni na mimi niko zizini nachambua samadi iliyooza sawasawa. Ukingoja mawingu ndipo ukimbilie dukani kununua mbegu, nyanya zako zitaiva pamoja na za kijiji kizima, na dalali atakutajia bei bila hata kukutazama usoni.

Kwa hiyo anzia mwisho. Nyanya hukaa kitaluni kama wiki nne. Shambani, kwa baridi ya huku juu, hesabu miezi mitatu. Unataka uanze kuvuna mwanzoni mwa Desemba, watu wakijiandaa na Krismasi? Sia mbegu mapema Agosti. Wala usisie zote kwa mkupuo. Gawa mafungu mawili, la pili wiki mbili baada ya la kwanza. Bei ikianguka wiki hii, bado una mzigo unaokuja.

Kitalu kisizidi mita moja upana, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga udongo. Funika mbegu kwa udongo laini kidogo tu, tandaza nyasi kavu, mwagilia. Miche ikianza kuchomoza, ondoa nyasi jioni hiyo hiyo, la sivyo itarefuka na kulegea. Wiki ya mwisho ipunguzie maji. Miche iliyodekezwa haifai shambani.

Pandikiza jioni, jua likishapoa. Matuta yakinge mteremko, yasishuke nao, maana mvua moja kubwa ya vuli inatosha kukupelekea udongo wote bondeni kwa jirani. Kila shimo ninaweka viganja viwili vya samadi na kisoda kimoja cha mbolea ya DAP, nachanganya na udongo kwanza ili mizizi isiungue. Nafasi ni sentimita 60 kati ya mistari na 50 kati ya miche. Fito zisimikwe mapema, kisha funga kwa kamba ya katani, kwa kulegeza.

Karoti hazina maneno mengi. Hazihamishwi, sia moja kwa moja kwenye udongo uliolimwa kwa kina na kutolewa mawe. Samadi mbichi usiguse, utavuna karoti zenye miguu mitatu. Zikiwa na urefu wa kidole, zipunguze zibaki sentimita 5 kutoka moja hadi nyingine. Ni kazi ya kuinama kutwa na hakuna anayeipenda hapa nyumbani.

Sasa turudi kwenye nyanya, kwa mdudu anayeitwa kantangaze. Huyu ndiye atakayekula faida yako ukimchekea. Nondo mwenyewe ni mdogo, wa kijivu, humwoni kirahisi. Anayeharibu ni kiwavi wake, anayeingia ndani ya jani na kulila katikati ya ngozi zake mbili, likabaki na mabaka meupe kama karatasi. Kisha anatoboa tunda karibu na kikonyo. Kila ukipita shambani, inua jani ulitazame dhidi ya mwanga. Kiwavi utamwona ndani. Lichume, lizike au lichome, usilitupe kwenye mfereji. Ukipiga dawa, soma kibandiko na usirudie aina ile ile msimu mzima, maana anaizoea. Heshimu pia siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Wanaopiga asubuhi na kuchuma jioni wapo, na nyanya zao wanapelekewa watoto wa wenzao.

Miti ya plamu tuliipanda pembeni mwa shamba. Huipogoa kipupwe ikiwa imepukutisha majani, halafu baba watoto huiacha hadi Desemba. Ukichuma, shika kikonyo, usishike tunda, wala usifute ule unga mweupe juu ya ganda. Mnunuzi wa barabarani Mombo akiuona anajua tunda halijashikwashikwa.

Nyanya za kusafiri hadi Dar es Salaam usizingoje ziwe nyekundu. Geuza tunda utazame kitako: pakianza kupiga rangi ya waridi, chuma. Toa kikonyo chote, kwa sababu kikikauka ndani ya tenga kinachoma nyanya za jirani. Tandika nyasi, ngumu zikae chini, usijaze kupita ukingo.

Bei mkubaliane kabla hujachuma. Piga simu kwa watu wawili sokoni, si mmoja. Kwa karoti za gunia, kataa lumbesa. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100, na kile kilemba kinachoshonewa juu hulipwi hata senti.

Nyanya zikiisha, ng'oa mashina yote ndani ya wiki hiyo, uyachome. Kipande hicho wakati wa masika kipe maharage au kabichi. Viazi mviringo, hoho na bilinganya visubiri, kwa kuwa ni ukoo mmoja na nyanya na ugonjwa wa bakajani utavifuata humo humo.