Kabla Hujapandisha Picha Mtandaoni

Picha iliyopigwa kwa simu hubeba mambo yanayoonekana, na pia maandishi yaliyojificha ndani ya faili lake. Maandishi hayo, yanayojulikana kwa jina la EXIF, hutaja aina ya simu, tarehe na saa ya kupiga, na, ikiwa kamera imeruhusiwa kujua mahali, hutaja pia latitudo na longitudo ya pale uliposimama. Ukitaka kujionea, hamishia picha moja kwenye kompyuta ya Windows, ibofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua Properties, kisha Details. Niliwahi kufanya hivyo kwa picha ya sahani ya pilau iliyopigwa nyumbani, nikakuta digrii, dakika na sekunde zimeandikwa wazi. Na kwa kuwa sekunde moja ya latitudo ni kama mita 31 tu, mgeni angeweza kufika mlangoni bila kumuuliza mtu njia.

Hili si jambo la kufikirika. Desemba 2012 John McAfee, mwasisi wa kampuni ya programu za kuzuia virusi, ambaye polisi wa Belize walikuwa wakimtafuta ili wamhoji, aligundulika yuko Guatemala kwa sababu jarida la Vice lilichapisha picha yake ya simu bila kufuta vipimo vya mahali.

Basi anza na kamera. Kwenye iPhone ingia Settings, Privacy & Security, Location Services, kisha Camera, uchague Never; kwenye simu nyingi za Android swichi hiyo imo ndani ya mipangilio ya kamera yenyewe. Hatua hii hailindi picha za zamani. Kwa hizo, mwenye iPhone aguse Options juu ya ukurasa wa kutuma na kuzima mahali kabla ya kuituma picha.

Tovuti nazo hazilingani. Instagram na Facebook huyaondoa maandishi ya EXIF kwenye nakala wanayoiona wengine, ingawa kampuni yenyewe imeshaipokea picha yako kama ilivyo. Flickr, ambayo wapigapicha huipenda kwa sababu huonyesha kamera na lenzi iliyotumika, huyahifadhi, kwa hiyo ni juu yako kuingia kwenye mipangilio ya faragha, kuficha EXIF na kuamua nani aone ramani. WhatsApp huyafuta unapotuma kama picha ya kawaida, lakini ukituma kama hati ili ubora usipungue, faili huenda zima pamoja na siri zake.

Baada ya hapo itazame picha kwa jicho la mtu asiyekutakia mema: namba ya gari, beji ya sare ya mtoto, tiketi ya ndege yenye msimbo, kitambulisho kilichosahauliwa mezani. Unapoficha namba, tumia kisanduku cha rangi nzito kisichopenya. Kalamu ya kuangazia maandishi (highlighter) ya kwenye simu huacha rangi iliyo nyepesi kidogo, na mtu akiongeza mwangaza namba hurudi kusomeka.

Wengine waliomo pichani waulizwe kwanza, hasa wazazi wa watoto. Nchini Kenya, ambako Sheria ya Ulinzi wa Data ni ya mwaka 2019, ofisi ya kamishna wa data ilitangaza mwaka 2023 faini ya shilingi 4,550,000 kwa shule iliyoweka picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na shilingi 1,850,000 kwa kilabu kilichoweka picha ya mteja wake. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Akaunti ya Instagram ukiifanya ya faragha, picha huonwa na uliowakubali tu, lakini picha ya wasifu na maelezo yake hubaki wazi kwa wote. Albamu ya Google Photos iliyogawiwa kwa kiungo hufunguliwa na yeyote aliyekipata, hata kama wewe ulimtumia shangazi peke yake. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nenosiri kisha msimbo, na ukiweza tumia programu ya kutoa misimbo badala ya ujumbe mfupi, kwani matapeli wa laini za simu, wanaoihamishia namba yako kwenye laini yao, tunawajua. Misimbo ya akiba, ya kuingilia ukipoteza simu, iandike kwenye karatasi.

Picha yako ikitumiwa vibaya, hifadhi anwani ya ukurasa, tarehe na picha ya skrini kabla ya kubofya kitufe cha kuripoti, maana ukurasa ukishaondolewa ushahidi huondoka nao. Kwa picha za utupu za mtu mzima ipo huduma ya StopNCII.org, iliyoanza mwaka 2021, ambayo hutengeneza ndani ya simu yako alama ya kidijitali ya kuitambua picha na kupeleka alama hiyo tu kwa kampuni zinazoshiriki ili ziizuie, huku picha yenyewe ikibaki kwako.