Kununua nyumba ya likizo pwani ya Kenya, ukiwa Kigoma
Sisi wa Ujiji tumezoea ziwa, maji yasiyo na chumvi, sasa usidhani pwani ya Kenya ni hivyo hivyo. Kabla hujachagua Diani, Watamu au Malindi nenda mwezi wa tano, masika imekolea na upepo wa kusi unavuma, ndo utajua paa linavuja wapi na mwani unajaa ufukweni kiasi gani, maana Januari kila sehemu inapendeza bwana. Halafu kule Wabongo ni wageni, katiba yao ya 2010 inatupa ardhi kwa lizi tu, yaani kukodi kwa muda, isiyozidi miaka 99, kwa hiyo uliza imebaki mingapi, ukiambiwa 20 komaa bei ishuke. Mabati na nondo kagua kutu, chumvi haina huruma. Diani usipitie Likoni, foleni ya feri inachosha, pita barabara ya Dongo Kundu, haina feri.