Mtande nunua, mshindio sokota: mwongozo kwa vikundi vinavyotaka kufuma kitambaa cha mkono

Vikundi vingi vya akina mama vinavyonifuata hapa Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kutaka nivifundishe kusokota pamba huja na mpango uleule: pamba tuichambue wenyewe, uzi tusokote wenyewe, kitambaa tufume wenyewe, tumuuzie mtalii anayeshuka mlimani. Mimi ni mwalimu mstaafu wa sayansi kimu, na mwalimu haachi tabia. Nawakaribisha chai, halafu nawapa hesabu ya skafu moja.

Skafu ya urefu wa mita 1.8 na upana wa sentimita 35, kwa nyuzi 6 kila sentimita, inataka nyuzi 210 za mtande, yaani zile zinazotandazwa kwa urefu. Kila uzi ukate mita 2.4, kwa sababu kuna kipande kitakachobaki kwenye kitanda cha mfumi, ile fremu ya mbao ya kufumia, bila kufumika. Hapo tayari una mita 504. Mshindio, yaani uzi unaopitishwa kwa upana katikati ya mtande, kwa nyuzi 6 hizohizo, unakula mita 400 hivi. Kwa hiyo skafu moja inameza karibu mita 900 za uzi. Anayejifunza kwa kijiti cha kusokotea akitoa mita 40 kwa saa, amejitahidi sana. Piga hesabu: ni zaidi ya saa 22 za kusokota tu. Hujatia rangi, hujafuma, hujafunga matamvua. Nani atakulipa saa hizo zote?

Ndiyo maana nawaambia, na wanafunzi wangu wameshachoka kulisikia: mtande nunua, mshindio sokota. Nyuzi za mtande ndizo zinazovutwa na kusuguliwa kutwa nzima. Uzi wa mwanafunzi ukiuweka hapo utakatika, utaunga, utakatika tena, mwisho utachukia kazi yenyewe. Mshindio unalala tu katikati ya mtande, haubebi mzigo, na yale manundu ya uzi wa mkono ndiyo mnunuzi anayoyapapasa kwa vidole kabla hajauliza bei. Wala hii si njia ya wavivu. Gandhi na wenzake kule Sabarmati, India, walianza kwa kufuma uzi wa kiwandani. Gurudumu la kusokotea walilipata baadaye.

Mtande wa dukani uwe pamba kweli. Muuzaji atakuapia, wewe omba kipande, kiwashe kiberiti. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Uzi wa plastiki unayeyuka na kuacha kishanga kigumu. Usinunue hata ukipunguziwa bei, maana rangi za majani na magome haziushiki.

Sasa pamba yenyewe. Huku mlimani hatuna, inatoka Kanda ya Ziwa: Simiyu, Shinyanga, Mwanza. Pamba iliyobanwa kwenye robota kiwandani inasokoteka, ila inakuja imeshikana na itakuchosha kuifumua. Mimi napenda pamba yenye mbegu. Kilo 3 zinakupa kama kilo 1 ya nyuzi safi, na mbegu unazitoa hivi: weka pamba kidogo juu ya jiwe bapa au kipande cha marumaru, chukua nondo laini ya urefu wa kiganja na nusu, isukume kwa kuibingirisha kutoka kwako kwenda mbele. Nyuzi zinapita chini ya nondo, mbegu inabaki mbele, inatoka yenyewe. Ukikandamiza mno mbegu inapasuka na kuacha mafuta na vipande vyeusi, kwa hiyo mkono uwe mwepesi. Wenye msufi nyumbani huniuliza kama sufi nayo inafaa. Haifai. Inateleza na kukatika, iacheni kwenye mito.

Nyuzi zilizotoka zichane kwa brashi mbili za waya, zile za kuchania mbwa zinazouzwa maduka ya mifugo. Chana mpaka usione donge. Tandaza, viringisha juu ya penseli, chomoa penseli. Unabaki na bomba la pamba nene kama kidole, lenye nyuzi zilizolegea. Tengeneza mengi kabla hujaanza kusokota, la sivyo utakuwa unainuka kila baada ya dakika tano.

Kijiti cha kusokotea hakinunuliwi, unakitengeneza. Chukua spoku ya baiskeli, ikate iwe na urefu wa sentimita 25 hivi, ncha ya juu inoe kwa tupa iwe nyembamba bila kuwa kali. Kata kifuu cha nazi duara la sentimita 5, toboa katikati kabisa, kipachike karibu na ncha ya chini. Kikitikisika kikizunguka, tundu halipo katikati, toboa kingine. Kilwa wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua visahani vya aina hii vilivyochongwa kwa vigae vya vyungu, kwa hiyo kifaa hiki kina umri mkubwa katika nchi yetu.

Nyuzinyuzi za pamba yenyewe ni fupi, nyingi hazifiki hata sentimita 3, ndiyo maana kijiti hakining'inizwi hewani. Kinasimama ndani ya kibakuli. Mkono wa kulia unakizungusha kwa vidole viwili na dole gumba. Mkono wa kushoto umeshika bomba la pamba, kwa ulegevu kabisa, unarudi nyuma taratibu huku uzi ukiteleza kwenye ncha ya spoku na kupata msokoto mmoja kila mzunguko. Siri iko kwenye mkono wa kushoto. Ukibana, uzi unakwama. Ukiachia sana, unatoka donge. Uzi ukianza kukonda mahali, acha kuvuta, ongeza msokoto kwanza, hapo patashika. Kisha legeza kipande cha mita moja: kikijinyonga chenyewe, msokoto umetosha. Kikining'inia tu kama kilivyo, rudia kuzungusha kabla hujakiviringisha kwenye kijiti.

Mikono ikishazoea, nenda kwa fundi baiskeli ukaombe ringi chakavu. Ringi yenye kipenyo cha sentimita 60 ikiendesha kwa kamba kigurudumu cha sentimita 2 kilichopachikwa kwenye spoku, kila ukizungusha mara moja spoku inazunguka mara 30. Fundi seremala akutengenezee kiti chake cha mbao. Aliyezoea anaweza kufikisha mita 150 kwa saa, na mshindio wa skafu nzima unakuwa kazi ya asubuhi moja.

Uzi mpya una nta, haunywi maji. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne kwa ulegevu, uchemshe saa moja na nusu kwa sabuni ya mche na kijiko cha magadi. Maji yatageuka ya kahawia hata kama pamba ilionekana nyeupe pe. Suuza, ning'iniza na chupa ya maji chini yake ili msokoto utulie.

Kwa rangi, huku kwetu tumebarikiwa maparachichi, na kokwa zake zinatupwa majalalani Moshi na Arusha nzima. Zikatekate zikiwa mbichi, zipike kwa moto mdogo bila kutokota, weka magadi kidogo, ziache zilale humo. Unapata waridi iliyoiva, na haihitaji dawa nyingine ya kushikisha. Maganda ya vitunguu ukiyatia shabu yanatoa njano nzuri, lakini jua linaila. Manjano ya chakula usihangaike nayo, inafifia upesi mno. Ukitaka kijivu, pika majani ya chai yakolee, kisha tumbukiza misumari yenye kutu.

Kitanda cha mfumi: mbao za mgrivea zilizokauka vizuri, fundi anayejua kuunga bila msumari, na kitana cha kutenganisha nyuzi za mtande, chenye nafasi 6 kwa sentimita. Mtande upake uji mwepesi wa ngano, uanike, ndipo uupandishe. Kufuma kwenyewe kunafundishwa kwa kukaa pamoja kwenye kitanda hicho cha mfumi. Njooni, au ulizeni SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, wana ofisi Moshi na Arusha.

Kwenye kikundi, gawaneni kazi. Si kila mtu ana mkono wa kusokota, na mwingine anafuma vizuri hadi raha. Anayesokota alipwe kwa gramu, lakini kwa gramu za uzi uliopimwa: pima mita 100 kwenye mizani ya jikoni. Zikiwa gramu 12 hadi 13 ni uzi wa mshindio. Zikifika 20, huo ni wa mikeka ya mlangoni, na bei yake iwe ya mikeka ya mlangoni. Mizani hii imezuia ugomvi mwingi kuliko katiba ya kikundi.

Bei ianze na saa. Tuseme saa 10 za kusokota mshindio kwa kijiti, 2 za kuchambua na kupika rangi, 5 za kufuma na kumalizia. Mkijiwekea shilingi 1,500 kwa saa, ni 25,500 kabla ya uzi wa mtande. Kama duka la hoteli linataka kuchukua kwa 15,000, mnampa mwenye duka muda wenu bure. Na mali kauli, kuacha skafu dukani mlipwe zikishauzwa, ni mwiko, angalau mwaka wa kwanza. Skafu kumi zikikaa dukani hadi msimu uishe, hamna hela ya pamba. Lengeni Juni hadi Oktoba, na tena Desemba, wageni wa mlimani wanapojaa. Mkopo wa halmashauri usio na riba upo, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo 4 ni za wanawake, lakini msikope kwa ajili ya kitanda cha kwanza. Kopeni mkishajua skafu zenu zinauzika.

Kwenye lebo andikeni ukweli: mshindio umesokotwa kwa mkono, mtande ni wa kiwandani, imefumwa Kibosho. Msiandike kuwa ni kitambaa cha asili cha Wachagga. Babu zetu walivaa ngozi. Sifa yao ilikuwa uhunzi, na kule kijiji cha Mamba bado wanafua chuma. Wafumaji wa pamba walikuwa Wafipa na Wanyamwezi, mpaka vitambaa vya kuagizwa, merikani kutoka viwanda vya Massachusetts, Marekani, na kaniki kutoka India, zilipowabana sokoni karne ya 19. Mgeni anayejua vitambaa atawauliza, na mkishikwa kwa hilo hata ukweli mwingine hataamini.

Skafu tatu za kwanza msiuze. Pimeni urefu, vaeni, fueni kwa maji ya moto, anikeni juani, kisha pimeni tena. Pamba ya mkono inasinyaa, na kila kikundi kina kiasi chake kutokana na msokoto wake. Kiasi hicho kiongezeni kwenye urefu wa mtande mnaoukata kwa skafu ya nne.