Kumpeleka mtoto wa chekechea Haller Park, hatua kwa hatua

Mwongozo huu nimemwandikia mwalimu wa chekechea, pamoja na mzazi aliyeombwa kusindikiza darasa la mwanawe, wanaojiandaa kwa ziara ya nusu siku katika hifadhi ya wanyama ya Haller Park, Bamburi, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa. Nimewapeleka huko watoto wa miaka minne na mitano mara nyingi, na nimeona kwamba kinachoharibu ziara ni hamu ya watu wazima kutaka mtoto aone kila mnyama aliyemo ili kiingilio kisipotee bure, ilhali mtoto wa umri huo ana nguvu za kuwatazama wanyama watatu, na pengine mdudu mmoja.

Hatua ya kwanza: siku na saa

Chagua Juni au Julai, masika yakiwa yamekwisha na joto limepungua, kwani Februari na Machi jua la Mombasa humchosha mtoto kabla hajafika kwa mnyama wa kwanza. Piga simu siku chache kabla uulize saa ya kulisha twiga, kisha upange mambo mengine yote kwa kuifuata saa hiyo. Ikiwa mnatoka kisiwani, basi liondoke mapema, kwa sababu foleni ya Daraja la Nyali haimjali mtoto aliyebanwa na mkojo. Kufikia adhuhuri watoto wawe wamekwisha kupanda basi kurudi.

Hatua ya pili: barua kwa wazazi

Barua itoke wiki mbili kabla, iombe ruhusa kwa maandishi, na iulize juu ya pumu, mzio na dawa. Mimi huongeza swali moja ambalo wazazi hulicheka: mtoto wako anaogopa nini? Mama mmoja alijibu kwa neno moja tu, "kuku", na jibu hilo lilinitosha kujua kwamba binti yake hapaswi kusimama mstari wa mbele penye mamba. Tafuta wasindikizaji wa kutosha, mtu mzima mmoja kwa watoto wanne, na kila mmoja apewe majina ya watoto wake kabla ya siku yenyewe.

Hatua ya tatu: matayarisho darasani

Kata uzi wa sentimita 45, ambao ndio urefu wa ulimi wa twiga kwa kukadiria, umpe kila mtoto aulinganishe na mkono wake tangu begani hadi kwenye ncha za vidole. Zoezi hili la dakika tano linafanya kazi kuliko picha kumi za ukutani. Simulia pia kisa cha Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa karibu na Malindi mnamo Desemba 2004, wakati wa mawimbi ya tsunami, akaletwa Haller Park na kumganda kobe mkubwa wa aina ya Aldabra aitwaye Mzee kana kwamba ni mama yake. Usiwaahidi watoto kwamba watawakuta wawili hao wamelala pamoja, maana baadaye walitenganishwa, na mtoto wa miaka minne hasahau ahadi.

Hatua ya nne: vitu vya kubeba

Kila mtoto abandikwe kifuani karatasi yenye jina la shule na namba ya simu ya mwalimu, lakini jina lake lisionekane, kwa kuwa mtoto humwamini haraka mtu asiyemjua anayemwita kwa jina. Beba dumu la maji, sabuni ya kipande, nguo za akiba, na kamba ndefu yenye fundo moja kwa kila mtoto, ambalo atalishika wakati wa kutembea. Mahamri na matunda yabaki ndani ya basi, madirisha yakiwa yamefungwa. Tumbili wa pale wanaijua mifuko ya plastiki, na mtoto aliyenyang'anywa hamri mkononi hatazungumzia mnyama mwingine yeyote siku hiyo.

Hatua ya tano: mzunguko wenyewe

Anzeni chooni, wote, hata wale wanaosema hawana haja. Kisha nendeni moja kwa moja kwa twiga. Mfundishe mtoto kuweka viganja viwili pamoja na kuvikunjua kama mtu anayeomba dua, chakula kikiwa katikati, vidole vimenyooka na kubanana. Ulimi utakuja, mweusi wenye rangi ya zambarau, mkavu kuliko alivyodhani, ukizoa kila kitu kwa mkupuo mmoja. Wengi huondoa mikono mara ya kwanza. Mwache aiondoe, wala usimshike kwa nguvu. Mara ya tatu ataomba mwenyewe.

Kwa kobe, watoto watazame bila kugusa. Kobe hubeba vijidudu vya salmonela hata akionekana mzima, navyo huwadhuru zaidi watoto walio chini ya miaka mitano. Iwapo mkono umegusa kobe au ukuta wake, uoshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20. Dawa ya kuua vijidudu ya kupaka mikononi haitoshi.

Mdudu niliyemtaja mwanzoni ni jongoo, na nilimjua kwa njia mbaya. Mwaka wangu wa kwanza niliwahesabu watoto langoni na basini tu. Tulipofika basini alikosekana mvulana mmoja, nami nikarudi mbio hadi nikamkuta amechuchumaa njiani chini ya miti ya mivinje, mahali tulipopita nusu saa kabla. "Mwalimu, treni," akaniambia, bila kuinua macho kutoka kwa jongoo mwenye miguu myekundu. Tangu siku ile ninahesabu kila tunaposimama, na jongoo amepewa dakika 15 zake katika ratiba.

Anazistahili. Mahali pale palikuwa machimbo matupu ya mawe ya chokaa ya kiwanda cha saruji, na René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alipoanza kupanda mivinje mwaka 1971, majani yake yaliyoanguka yalikataa kuoza, hadi walipoletwa majongoo wakayatafuna na kuyageuza udongo. Mtoto hahitaji kuambiwa mwaka. Mwambie kwamba wadudu hawa walikula majani, na kinyesi chao kikawa udongo ulioshika miti hii. Atacheka neno kinyesi, na atalikumbuka. Asiwashike, kwani jongoo hutoa majimaji yanayowasha na kuacha doa.

Mamba wawe wa mwisho, na ikiwa watoto wamechoka, waacheni mamba hao. Mara mbili nimewahi kurudi bila kuwapitia mamba, na aliyelalamika alikuwa msindikizaji.

Hatua ya sita: kurudi

Hesabu kabla ya kupanda basi, kisha hesabu tena wakiwa wamekaa. Karibu wote watasinzia kabla hamjavuka daraja. Mkifika shuleni na watoto wakishuka, tembea mwenyewe hadi kiti cha nyuma kabisa, ukiinama kuangalia chini ya kila kiti, kabla hujamruhusu dereva kuondoka.